Mcheza kwao hutunzwa: jinsi ya kuifuatilia timu mwenyeji ukiwa zako Dar

Kila yakija mashindano makubwa ya michezo mingi kwa mpigo, iwe Olimpiki iwe Jumuiya ya Madola, kijiweni kwetu Mwananyamala mambo huwa yale yale. Siku ya kwanza watu wamejaa, bendera ipo, kila mtu anauliza wetu wanacheza lini. Siku ya tatu wetu wawili washaishia kwenye mchujo, aliyebaki ni wa marathoni na marathoni mara nyingi inawekwa mwishoni mwishoni, kwaiyo hapo katikati kuna wiki nzima hamna cha kushangilia na mwenye kibanda anaanza kutuwekea marudio ya Simba na Yanga. Nimeishi hivyo miaka mingi mpaka nikapata dawa, na dawa yenyewe rahisi tu, mchukue mwenyeji awe timu yako ya pili.

Namaanisha ile nchi inayoandaa. Mwenyeji yupo karibu kila mchezo, kila siku, kamera haimwachi, na ukimfuata yeye unajikuta umeyaelewa mashindano yote bila kujilazimisha. Lakini mwenyeji sio timu kama timu zingine, ukimhesabia medali zake kama unavyomhesabia mgeni utadanganyika mchana kweupe, alafu utaenda kubishana kijiweni na watu wanaojua utaaibika. Ndo maana nimekaa nikaandika hii, ni namna ninavyofanya mimi, chukua inayokufaa.

Kabla ya yote kumbuka sisi wenyewe

Kama unataka kujua mwenyeji anakuwaje huna haja ya kwenda mbali, rudi Agosti 2025. CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliiandaa sisi, Kenya na Uganda, na tiketi ya kuingia hatukuitolea jasho, mwenyeji anaingia moja kwa moja. Agosti 2 tukafungua pale kwa Mkapa tukampiga Burkina Faso 2-0, mji mzima ukalala saa nane, tukavuka kundi bila kufungwa mechi hata moja. Agosti 22 robo fainali, Morocco akatupiga 1-0 uwanja ule ule, watu wale wale, kelele zile zile. Siku hiyo hiyo Kenya katolewa na Madagascar kwa matuta kwao Kasarani, kesho yake Uganda katolewa na Senegal kwao Kampala. Wenyeji watatu wote wamekwama robo fainali.

Sasa ile ilikuwa mpira peke yake. Chukua ule mlango wa kuingilia bila kufuzu, zile kelele, kule kulala karibu na nyumbani na kula chakula ulichozoea, sambaza kwenye michezo kumi, ishirini au thelathini, hapo ndo unapata picha ya mwenyeji wa mashindano makubwa. Anapewa njia. Kombe hapewi.

Chagua mwenyeji na umjue kwa sura

Mwaka 2026 wapo wawili wa kuchagua. Jumuiya ya Madola inafanyika Glasgow, Julai 23 mpaka Agosti 2, mwenyeji ni Scotland. Alafu Oktoba 31 mpaka Novemba 13 kuna Olimpiki ya Vijana Dakar, mwenyeji Senegal, na hii ndo mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki ya aina yoyote yanafanyika ardhi ya Afrika. Yalikuwa yafanyike 2022 yakasogezwa.

Scotland kuna watu inawachanganya, wanauliza mbona Olimpiki hatuwaoni. Olimpiki wanachezea Uingereza kwa pamoja, bendera moja, ila Madola kila mtu kivyake, Scotland kivyake, Wales kivyake, England kivyake. Mtanzania hili anatakiwa alielewe haraka kuliko mtu yeyote duniani kwa sababu Zanzibar tunaiona CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, inacheza kivyake na jezi zake na inatufunga ikitaka, ikija AFCON tunarudi Taifa Stars moja. Ni kitu hicho hicho. Na ndo maana Mskoti Madola anaichukulia serious, miaka minne anasubiri hiyo nafasi ya kusimama na bendera yake ya bluu yenye msalaba mweupe wa kulala, sembuse iwe nyumbani.

Senegal bendera ni kijani, njano, nyekundu na nyota ya kijani katikati, usimchanganye na Cameroon mwenye nyota ya njano wala Mali asiye na nyota. Kwenye orodha za matokeo Scotland wanaandikwa SCO, Senegal SEN, sisi TAN. Na kwenye gwaride la ufunguzi mwenyeji anaingia mwisho kabisa, kwaiyo kama umechoka unaweza kulala kidogo ukaamshwa, kelele zenyewe zitakuamsha.

Saa, hapa ndo watu wanapofeli

Mimi mwenyewe ni mhanga. Septemba 2025 Alphonce Simbu anakimbia marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, nikaangalia ratiba nikaona saa 7:30 asubuhi, nikajiambia safi, nitaamka nioge, nichukue chapati, nikae. Kumbe 7:30 asubuhi ya Tokyo kwetu ni saa saba na nusu usiku! Yani wakati mimi nakoroma huku Mwananyamala, yule bwana alikuwa anamshika Mjerumani mita za mwisho kabisa, wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48, tofauti sehemu ya sekunde, Mtanzania bingwa wa dunia. Nimeamka saa kumi na mbili simu ina meseji mia mbili. Sijajisamehe.

Kwaiyo nimejitengenezea kanuni ya kitaa. Ratiba zinaandikwa saa za mwenyeji, na kwa saa za kizungu, wewe unahitaji saa za Dar kwa Kiswahili, usipige hesabu mara mbili, piga mara moja tu. Glasgow majira yale ya joto tunawatangulia masaa mawili, kwaiyo toa 4 kwenye saa yao unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja, fainali ya saa 8:00 usiku wao ni saa nne usiku kwetu, 7:30 ni saa tatu na nusu. Dakar tunawatangulia matatu, toa 3, yani 6:00 jioni yao ni saa tatu usiku kwetu, muda mzuri kabisa, watu wametoka kazini wameshakula.

Los Angeles 2028 ndo kasheshe, kule ongeza 4 na ujue siku imebadilika. Fainali ya 7:00 jioni yao sisi ni saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake, adhana ya pili. Brisbane 2032 ni kinyume, toa 1 tu, 8:00 usiku wao kwetu saa saba mchana, hapo itabidi kila mtu atafute sababu ya kumwambia bosi.

Andika hizo namba nyuma ya simu au ukutani, kibandani kwetu zimeandikwa kwa mkaa.

Daftari la safu tatu

Hiki ndo kiini chenyewe kwa hiyo vumilia.

Watu wanaangalia msimamo wa medali wanasema "mwenyeji noma, ana medali hamsini". Hamsini ukilinganisha na nini? Mwenyeji hapimwi na jirani, anapimwa na yeye mwenyewe. Chukua daftari, piga safu tatu, ya kwanza andika alipata ngapi mashindano yaliyopita akiwa mgeni, ya pili alipata ngapi nyumbani, ya tatu alipata ngapi mashindano yaliyofuata akishaondoka kwao. Namba tatu tu zinakupa stori nzima.

Mfano Scotland wenyewe kwenye Madola. Delhi 2010 walipata 26, wakaja Glasgow 2014 wakiwa wenyeji wakapata 53, dhahabu 19. Mara mbili! Alafu Gold Coast 2018 wakashuka 44, dhahabu 9. India Madola ya 2006 walipata 50, Delhi 2010 kwao wakapata 101 wakashika nafasi ya pili, 2014 wakarudi 64. Ukiangalia umbo ni lile lile, kinapanda alafu kinashuka lakini hakirudi chini kabisa, kuna kitu kinabaki, viwanja vimejengwa, watoto wameona, makocha wameajiriwa.

Sasa umbo likiwa tofauti ndo utamu. Ugiriki kwenye Olimpiki, Sydney 2000 walipata 13, Athens 2004 wakiwa wenyeji wakapata 16, Beijing 2008 wakapata 4. Nne! Kule chini kuliko walipoanzia, hapo unajua ile ilikuwa sherehe, hela iliwekwa kwenye sherehe na sherehe ikaisha. Upande mwingine Uingereza, Beijing walimaliza na 47, London 2012 wakamaliza na 65, kila mtu akasema subiri Rio watashuka, Rio 2016 wakapata 67. Wao hela ya bahati nasibu ya taifa iliendelea kumiminwa kwa wachezaji hata baada ya wageni kuondoka, ndo siri yote. (Hizo ni namba za siku ya kufunga, baadae huwa zinabadilika watu wakikamatwa na dawa, usije ukabishana na mtu kwa medali moja au mbili.) Na kuna mwenyeji mmoja wa Olimpiki ya kiangazi hakupata dhahabu hata moja, Canada, Montreal 1976, fedha 5 na shaba 6 basi.

Ufaransa safi pia kwa mazoezi, Olimpiki ya Tokyo dhahabu 10 medali 33, Paris 2024 dhahabu 16 medali 64. Safu ya tatu mpaka 2028 ipo wazi. Brazil nao, London 17, Rio kwao 19, yani kelele zote zile za Maracanã zimeongeza medali mbili, ingawa dhahabu zilitoka 3 zikawa 7. Sasa hapo ndo mnaweza kubishana usiku kucha, dhahabu au jumla? Mimi nahesabu jumla kwa sababu dhahabu ni bahati ya siku, jumla ni kazi ya miaka, ila najua wengi hawakubaliani na mimi na wana haki yao.

Angalia menyu ameipanga nani

Swali la pili la kujiuliza, hivi hiyo michezo yenyewe kaichagua nani? Kwa sababu mwenyeji anakuwa na sauti kwenye orodha. Ile Scotland iliyoruka kutoka 26 mpaka 53, medali 13 kati ya hizo zilitoka judo, na judo Delhi haikuwepo kabisa. Nusu ya ongezeko lote! Sisemi wameiba, wamepigana mieleka ya halali kwenye mkeka, nasema tu ukipika wewe unaweka bamia kama unapenda bamia.

Wajapani Tokyo walipata dhahabu 27, sita kati ya hizo zimetoka kwenye michezo iliyoongezwa au kurudishwa wakati wao, besiboli, softiboli, karate na zile skeitibodi za watoto, binti wa miaka 13 anachukua dhahabu kwa ubao wenye magurudumu. Paris besiboli na karate zikaondolewa. Los Angeles 2028 wameleta flagi futiboli, ule mpira wao wa Kimarekani ila bila kugongana, hapo sihitaji kukuambia nani anategemea nini.

Glasgow 2026 menyu ni fupi, michezo 10 tu kwenye viwanja vinne, kwa sababu jimbo la Victoria kule Australia ndo lilikuwa liandae likajitoa 2023 kwamba gharama haibebeki, Glasgow wakaokoa jahazi kwa bajeti ndogo. Ipo riadha, kuogelea, jimnastiki, baiskeli za ndani, netiboli, kunyanyua uzito, ngumi, judo (mnaona?), kikapu cha watatu watatu, na ule mchezo wa kubingirisha mipira ambao Waskoti hatari sana na kibandani hakuna hata mmoja aliyewahi kuumaliza bila kusinzia. Michezo sita kati ya hiyo ina na upande wa wenye ulemavu ndani ya programu moja, medali zao zinahesabika kwenye msimamo ule ule, msiziruke kwenye daftari.

Marathoni haipo. Nilivyosoma nimeumia, kwa sababu medali yetu kubwa Madola ya Birmingham 2022 ilikuwa ya fedha ya Simbu kwenye marathoni, zile mbili zingine za shaba zilikuwa za mabondia, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Ngumi zipo kwaiyo mlango mmoja uko wazi. Alafu wametoa mita 1500 wakarudisha maili moja. Sasa fikiria, Scotland ndo kwao Josh Kerr bingwa wa dunia wa 1500 mwaka 2023, na Jake Wightman bingwa wa 2022, na Laura Muir aliyechukua dhahabu ya 1500 Birmingham. Wanasema ni kuenzi historia ya Madola. Historia ipo kweli, lakini mimi macho ninayo.

Wa saa na wa majaji

Ukishajua menyu, igawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni michezo inayoamuliwa na saa au futi kamba au kilo, mbio, kuogelea, vyuma. Fungu la pili inaamuliwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, ngumi, jimnastiki. Mwenyeji faida yake kubwa ipo fungu la pili, sio lazima rushwa, hata mtu mwaminifu ukimpigia kelele elfu kumi kila ngumi ya mtoto wa nyumbani inapotua, na ile ya mgeni ikatua kwa kimya, mkono wake utaandika tofauti.

Ya kukumbukwa ni Seoul 1988, fainali ya ngumi, Roy Jones Jr wa Marekani na Park Si-hun wa Korea. Ngumi zilizotua zilihesabiwa, Jones 86, Park 32. Majaji watatu kwa wawili wakampa Park. Hata Park mwenyewe alionekana kashangaa. Olimpiki iliyofuata ndo wakaleta mashine za kubonyeza kuhesabu ngumi, na hazikumaliza ubishi.

Kwaiyo kwenye daftari langu medali za fungu la pili naziwekea nukta pembeni. Sio kuzifuta, nukta tu. Mwenyeji akimaliza na medali nyingi zisizo na nukta huyo kacheza kweli.

Kuna na timu za kupewa nafasi, zile zilizoingia kwa sababu tu ni za kwao. London 2012 Uingereza waliingiza timu za mpira wa mikono wanaume na wanawake, mchezo ambao kwao hata shuleni haupo sana, wakafungwa mechi zote, zote kabisa, wanaume na wanawake. Na watu walijaza ukumbi kushangilia. Mimi hizo ndo napenda kuliko fainali, mtafute mwenyeji anayefungwa 41-19 ukumbi mzima umesimama, inakukumbusha mechi za mchangani Tandale.

Presha

Huyu mdudu watu wanamsahau. Kelele za nyumbani zinasukuma lakini pia zinakaba. Sydney 2000 Cathy Freeman ndo aliwasha mwenge, alafu siku kumi baadae akaingia uwanjani mbele ya watu zaidi ya laki moja na elfu kumi kukimbia mita 400 akiwa amebeba nchi nzima na watu wake wa asili mgongoni. Kavaa nguo ya kubana mpaka kofia. Kashinda kwa 49.11. Tafuta ile video angalia akishavuka mstari, hashangilii, anakaa chini. Anakaa tu kama mtu aliyetua gunia.

Alafu Beijing 2008, Liu Xiang, bingwa wa kuruka viunzi mita 110, China nzima imemsubiri miaka minne, sura yake kila bango. Siku ya mchujo kaingia uwanjani, mguu unamuuma, kukawa na kosa la kuanza, kageuka katoka nje kupitia kwenye njia ya chini ya jukwaa. Uwanja ukanyamaza, watu wanalia. Kwaiyo ukiona mwenyeji mmoja ndo yuko kwenye kila tangazo, mwangalie yule kwa makini siku ya mchujo sio siku ya fainali, mchujo ndo presha inaonekana usoni.

Dakar itakuwa tofauti, wale ni watoto wasiozidi miaka 17, na Senegal historia yake yote ya Olimpiki ya wakubwa ina medali moja tu, fedha ya Amadou Dia Ba kwenye viunzi mita 400, Seoul 1988. Kwaiyo safu ya kwanza ya daftari karibu tupu, wasichekwe wakipata mbili. Ningekuwa wewe ningeangalia mieleka ya mchangani ufukweni, Wasenegali mieleka kwao ndo Simba na Yanga yao.

Wetu akikutana na mwenyeji

Hapa hamna cha timu ya pili, hapa unarudi nyumbani haraka.

Na sisi tuna historia nzito ya kukutana na wenyeji kwao. Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, fainali ya mita 1500 ya Madola, uwanja mzima ni wa John Walker, kijana wao. Filbert Bayi katoka mbele tangu bunduki inalia, hakutaka mtu wa kumvuta, kawaacha mita kibao, watu wanasema huyu atakufa njiani. Hakufa. Walker kaja kwa nguvu mita za mwisho na kelele zote za kwao nyuma yake, hakufika. Bayi 3:32.2 rekodi ya dunia, Walker naye kakimbia chini ya rekodi ya zamani na kawa wa pili! Mwaka uliofuata Bayi kaenda Kingston, Jamaica, kachukua na rekodi ya dunia ya maili moja, 3:51.0. Ile maili ambayo Glasgow wameirudisha. Marudiano yao yalitakiwa yawe Montreal 1976 lakini nchi za Afrika zikagoma kwa sababu ya New Zealand kwenda kucheza raga na makaburu, nasi tukagoma, Walker kachukua dhahabu bila Bayi. Wazee wa hapa mtaani wanaikumbuka hiyo kama juzi.

Ile nyingine inauma. Brisbane 1982, marathoni, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga wametoka mbele wawili wamewaacha wote, mwenyeji Rob de Castella anawafuata polepole, anakata, anakata, mwishoni kabaki Ikangaa peke yake wanapokonyana uongozi barabara imejaa Waaustralia. De Castella 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12 kwa kilomita 42. Mimi huwa naamini ile barabara ingekuwa ya Bagamoyo sekunde kumi na mbili zile zingegeuka, lakini ndo ubishi wa kahawa. Shahanga alichukua dhahabu ya mita 10,000 mashindano yale yale, tusisahau.

Kwaiyo kanuni ya kibandani kwetu ni hii, mwenyeji tunamshangilia mpaka ionekane TAN kwenye skrini, ikionekana tu yule anakuwa mgeni, hata kama jana ulilia nae.

Mambo madogo ya kiufundi

King'amuzi ulizia mapema kifurushi gani kinaonyesha, usisubiri siku ya ufunguzi, nimeshawahi kulipia kifurushi kisicho na chaneli yenyewe na hela haikurudi. Mechi za mchujo usiziangalie laivu kwa bando, zinakula sana, subiri vipande vifupi usiku ukiwa kwenye waifai ya mtu. LUKU mchange kabla sio umeme ukikatika. Kwenye gurupu wekeni sheria ya kutotuma matokeo kabla ya saa moja asubuhi kwa wale wanaoangalia marudio, sisi tulimtoa mtu kwenye gurupu wiki nzima kwa kosa hilo na alikuwa admini.

Na daftari mpeni mtu mmoja tu alitunze. Glasgow ikiisha Agosti 2 mnajaza safu ya pili ya Scotland, ya kwanza tayari mnayo, Birmingham 2022 walipata 51, dhahabu 13. Safu ya tatu inabaki tupu mpaka 2030 zamu ya India, Ahmedabad. Miaka minne ni mingi kwa daftari la kibandani, letu la 2014 lilikuja kuonekana kwa mama maandazi, kurasa za Scotland zishafungia maandazi ya watu.